Nati Ilishalegea, Kibano Kikagoma: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Betri ya Gari

“Waya wa hasi umetoka kwa mkono tu, mwanangu. Wa chanya ndio umegoma. Na nati tumeshailegeza.”

Maneno hayo ya Mwalimu kwenye simu yalibeba kisa chote, ila siku ile nilisikia nusu tu. Nilisikia kwamba kibano, ile pete inayoshika waya kwenye betri, kimegandishwa na chumvi za asidi. Sikulisikia swali lililojificha katikati yake: vibano viwili vimekaa kwenye betri moja, chini ya boneti moja, kwa muda uleule, kwa nini kimoja kitoke kwa mkono na kingine kigome? Ningelianza na swali hilo, kazi ingekwisha kwa dakika ishirini. Nilitumia karibu saa mbili, na ndani ya saa hizo nilifanya jambo ambalo lingeweza kuniunguza uso. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila kosa lililofanyika, langu na la waliotangulia, ni kosa ambalo mtu mwangalifu kabisa anaweza kulifanya.

Gari la Mwalimu ni dogo, la petroli. Kwa wiki kadhaa lilikuwa haliwaki asubuhi: ukizungusha ufunguo, stata (mota inayoizungusha injini iwake) inalia tik mara moja, taa za dashibodi zinafifia, basi. Likibustiwa kwa nyaya kutoka gari lingine linawaka papo hapo kana kwamba halijawahi kuumwa. Kila aliyeulizwa alijibu kwamba betri imekufa. Mwalimu akaamua itolewe. Kijana wake akafungua hasi, ikatoka. Akafungua chanya, nati ikalegea, kibano hakikusogea. Akajaribu plaisi. Akajaribu bisibisi. Ndipo nikapigiwa simu.

Jambo moja kijana alilifanya vyema kabla sijafika: alianza na hasi. Bodi yote ya gari imeungwa kwenye hasi ya betri. Spana ikiwa kwenye nati ya chanya, mkia wake ukagusa chuma chochote cha gari wakati hasi bado imefungwa, umeme wa betri nzima unapita kwenye spana hiyo, mamia ya ampea kwa mpigo. Spana inaungua, na pete ya kidoleni ikiwa njiani inaunguza kidole kabla hujauvuta mkono. Hasi ikishatoka na kusukumwa pembeni isiweze kurudi, spana ikigusa bodi haina pa kupeleka umeme. Kutoa ni hasi kwanza, kurudisha ni hasi mwisho. Na pete na saa vinavuliwa kabla ya boneti kufunguliwa.

Nilichokikuta

Kibano cha chanya kilikuwa kimezikwa. Juu yake palikuwa na kichuguu cha chumvi ya kijani na bluu, na juu ya chumvi utando wa kahawia unaonata. Nikauliza ni kitu gani hicho kinachonata.

“Kaka, niliambiwa nimwagie soda.”

Alikuwa amemwaga chupa nzima ya kinywaji. Simlaumu hata kidogo. Neno letu moja limebeba vitu viwili, na aliyemshauri bila shaka alikusudia bikaboneti ya soda, ule unga mweupe unaotiwa kwenye keki iumuke. Unga huo ni alkali. Ukikutana na asidi unatoa povu na kuiua. Kinywaji chenye gesi chenyewe ni asidi. Ni kweli kwamba kinailainisha chumvi kiasi, ndiyo maana ushauri huo umeenea, lakini asidi iliyovuja kutoka kwenye betri kinaiacha kama ilivyo, na sukari yake inabaki imenata, inakamata vumbi na unyevu. Ukimwelekeza mtu kwa simu, sema “unga”.

Mfuniko wa plastiki wa betri, kando ya nguzo ya chanya (kile kisiki cha madini ya risasi kinachovikwa kibano), ulikuwa na shimo dogo la mbonyeo. Hapo ndipo bisibisi ilipoegemezwa. Mbonyeo huo ulinishtua kuliko chumvi yote, na nitaurudia.

Kabla ya kusafisha nilitaka kujua kama betri imekufa kweli. Nikapima nguzo kwa nguzo kwa mita ya umeme: volti 12.4. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia huwa karibu na 12.6, maana ina seli sita na kila moja hutoa volti 2.1 hivi. Kwa hiyo hii ilikuwa imepungua, ila haikuwa tupu. Nikarudisha hasi kwa muda, nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya chanya na nyingine kwenye kibano chake, nikamwomba Mwalimu azungushe ufunguo. Stata ikalia tik. Mita ikaruka zaidi ya volti 3.

Namba hiyo ni kubwa mno mahali hapo. Kati ya nguzo na kibano kilichoshika sawasawa, hata stata ikivuta kwa nguvu zake zote, tofauti haipaswi kufika hata robo ya volti. Hizo volti tatu na ushei zilikuwa zinapotea pale pale, kwenye mpaka wa risasi na kibano, kabla ya kuingia kwenye waya. Nikapima tena nguzo kwa nguzo ufunguo ukizungushwa: volti 12.1. Betri ilikuwa haijashtuka hata kidogo. Hilo halithibitishi kwamba betri ni nzima. Linaonyesha tu kwamba ilikuwa haijaombwa kufanya kazi, kwa kuwa umeme mwingi ulikuwa haupiti.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gari lilikuwa likiwaka kila linapobustiwa. Aliyebusti alikuwa akibana waya wake juu ya kibano, maana ndicho kilichochomoza. Umeme wa gari la pili uliingia moja kwa moja kwenye kibano na kuiruka ile sehemu mbovu kabisa. Gari likiwaka hivyo, kila mtu anasema, “Umeona? Betri.” Ni ushahidi unaosadikisha sana, na unadanganya. Ukibana waya kwenye nguzo yenyewe ya risasi na gari likagoma, kisha ukabana kwenye kibano likawaka, kosa liko kwenye kiungo.

Kulikuwa na jambo lingine kwenye kipimo kile, nikaliona bila kulitilia maanani. Ili kuigusa nguzo ya chanya ilinibidi niisukume ncha ya mita ndani ya pete ya kibano, chini, kama mtu anayechokoa shimo. Nguzo haikuwa imechomoza juu ya kibano. Nilidhani ni chumvi tu iliyopanda.

Chumvi na nati

Hasi nikaitoa tena. Nikamwomba Mwalimu funguo zikae nje ya gari, milango ikiwa wazi, tukasubiri kidogo vifaa vya ndani vizime vyote. Nikavaa glavu za mpira na miwani ya kinga. Miwani si ya kuonekana fundi: chumvi hiyo ina asidi ya salfa, na tone moja likirukia jichoni huwezi kulirudisha. Ndoo ya maji safi ikae karibu tangu mwanzo.

Kijiko kikubwa kimoja cha bikaboneti kwenye kikombe cha maji kinatosha. Kabla ya kumwaga, hakikisha vifuniko vya seli vimefungwa, kwa sababu maji hayo yakiingia ndani yataiua asidi ambayo betri inaihitaji. Nikamwaga kidogo kidogo, povu likapanda, nikangoja likatulia, nikamwaga tena. Brashi ya waya ilikuja baada ya kulowesha, na huo ndio utaratibu ninaosisitiza: ukisugua chumvi kavu unarusha vumbi la risasi hewani, nawe unalivuta. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine.

Rangi zilieleza mambo. Ile ya kijani na bluu ni salfeti ya shaba: asidi imefika kwenye nyuzi za shaba za waya na kuzila. Inayeyuka majini kwa urahisi, ikaondoka yote kwa maji ya moto. Nyeupe ya chini yake ni salfeti ya risasi, na hiyo karibu haiyeyuki kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kumwaga birika zima, akaona kibano kimetakata, na bado kikawa kimeshikwa ndani pale asipoona.

Nati ya kibano ilikuwa ya spana namba 10, na kona zake zilikuwa zimeshaliwa. Kijana alikuwa ameilegeza kwa mizunguko miwili hivi. Nikaitoa yote kwa koleo la kujifunga, huku mkono wa pili ukishikilia kichwa cha bolti kwa spana ili kisizunguke. Kushikilia huku watu wengi hawafanyi. Nati iliyoganda ikizungushwa bila kushikiliwa upande wa pili, nguvu yote inaishia kwenye kibano, na kutoka kwenye kibano inaenda kwenye nguzo. Unadhani unafungua nati, kumbe unaipinda nguzo ya betri.

Bolti ikachomoka. Kibano, wapi.

Kosa langu

Hatua ambayo kwa kawaida inamaliza kazi ni kuingiza bisibisi bapa kwenye mwanya wa kibano, pale bolti ilipokuwa, na kuizungusha taratibu ili taya mbili ziachane. Nati ikitoka, taya hazifunguki zenyewe. Kibano ni madini laini kilichobanwa miaka mingi. Kimeshalizoea umbo lake jipya na kinabaki kimebana hata bila bolti. Ndiyo maana “nati tumeshailegeza” haimaanishi kwamba kibano kimeachia. Watu wengi wanaokwama wamekwama hapa tu, na mzunguko mmoja mdogo wa bisibisi unawatoa.

Nikaingiza bisibisi. Mwanya ulikuwa mpana kuliko kawaida. Bisibisi ilicheza ndani bila kugusa pande zote mbili. Nikachukua nene zaidi, nikazungusha, taya hazikusogea. Ningesimama hapo nikajiuliza kwa nini mwanya ni mpana hivyo. Badala yake nilikishika kibano kwa koleo nikaanza kukizungusha kushoto na kulia, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa.

Mara ya tatu nikahisi kitu kimeachia. Nikafurahi. Kisha nikatazama vizuri: kibano kilikuwa kimezunguka, na nguzo imezunguka nacho.

Nikaacha kila kitu, nikarudi nyuma hatua mbili, nikamwambia kijana asisogee. Nguzo ya betri haikupachikwa juu ya plastiki kama msumari. Kuna pete ya risasi iliyosubuliwa ndani ya mfuniko, na nguzo inayotoka kwenye bamba za ndani imepita kwenye pete hiyo na kuyeyushwa ikashikana nayo juu. Ule mshikamano ndio unaozuia asidi na gesi kutoka. Nguzo ikizunguka, ama imeachana na pete ama pete imeachana na plastiki. Kuanzia hapo asidi ina njia ya kupanda. Na kuna lililo baya zaidi: juu ya maji ya betri, ndani ya kasha, huwa kuna haidrojeni, hasa kama imetoka kuchajiwa. Haidrojeni inawaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Nguzo iliyolegea ikipitisha umeme wa stata inaweza kutoa cheche ndani kwa ndani, na betri ikapasuka na kurusha asidi. Dakika chache nyuma nilikuwa nimeinamia betri hiyo hiyo na mita, nikimwambia Mwalimu azungushe ufunguo. Kama nguzo ilikuwa imeshalegea wakati ule, nilikuwa nimeweka uso wangu juu ya hatari hiyo.

Kibano kinakaa juu

Nilipotulia nikachukua tochi na kitambaa nikafuta pale nilipokuwa nimesafisha. Sasa nikaona yale ambayo ncha ya mita ilikuwa imeshaniambia. Kibano kilikuwa kimekaa juu mno. Kibano kilichovaa sawasawa hushuka mpaka karibu na kitako cha nguzo, na kichwa cha nguzo huonekana kikiwa sawa na ukingo wa juu au kimechomoza kidogo. Hapa kichwa cha nguzo kilikuwa ndani ya pete, chini ya ukingo, na chini ya kibano palikuwa na nafasi tupu. Kwenye ukingo wa juu, chumvi ilipotoka, kulikuwa na alama bapa tatu zilizong'aa kwa uzee. Alama za nyundo.

Nikatoa kaliba, kifaa cha kupimia vipenyo. Nguzo za betri za gari haziko za saizi moja. Za kawaida nene zina kipenyo cha milimita 17.5 juu kwa upande wa chanya na 15.9 kwa hasi. Kuna nyingine nyembamba, zinazopatikana sana kwenye magari madogo ya Kijapani: chanya 14.7, hasi 13. Chanya daima ni nene kuliko hasi, ili mtu asifunge kinyume. Gari hili lilitengenezwa kwa betri ya nguzo nyembamba. Wakati fulani huko nyuma likafungwa betri ya nguzo nene. Upande wa hasi aliyefunga alikata kibano cha zamani akaweka kipya kikubwa, ndiyo maana kilitoka kwa mkono. Upande wa chanya kibano kilibeba nyaya tatu na kipande cha fyuzi, kukibadilisha kungekuwa kazi. Akakipanua taya, akakipachika juu, akakigonga kwa nyundo mpaka kikashika.

Basi chumvi ilikuwa ya pili. Kilichokishika kibano ni kugongwa kwenye nguzo inayoizidi pete yake kwa karibu milimita tatu. Na kwa kuwa kilikuwa kimeshapanuliwa kupita kiasi, bolti haikuwa na kazi yoyote: ingekazwa au ingetolewa, kibano kingebaki pale pale. Mwanya mpana uliokuwa ukinishangaza ulikuwa ndio maelezo.

Umbo la nguzo linastahili kueleweka vizuri, kwa sababu linaeleza ugumu na wepesi kwa pamoja. Nguzo ni kama pia (koni) iliyokatwa ncha, nyembamba juu, nene chini, na mteremko wake ni moja kwa tisa: ukishuka milimita tisa, kipenyo kinaongezeka milimita moja. Mteremko mdogo namna hiyo unafanya kazi ya kabari. Ukigonga kuelekea chini unabana kwa nguvu nyingi mara kadhaa kuliko ile ya nyundo, na risasi laini inakubali kubanwa. Kuzungusha hakupunguzi chochote, maana pete inabaki kwenye unene uleule. Kusukuma pembeni kunainamisha nguzo tu. Njia moja pekee inayolegeza ni juu, wima. Na ukiinua milimita mbili tu, mbano wote umekwisha.

Nirudi kwenye ule mbonyeo wa bisibisi. Ni njia inayomjia kila mtu kichwani: ingiza bisibisi chini ya kibano, egemeza kwenye mfuniko, kandamiza. Chukua bisibisi ya sentimita 25, egemeo likiwa sentimita moja kutoka kwenye ncha. Upande wa mkono una sentimita 24. Ukikandamiza kwa uzito wa kilo 10, ambao ni mchezo tu, ncha inainua kwa karibu kilo 240, na egemeo linakandamiza plastiki kwa zaidi ya hizo, kwenye eneo dogo kama ukucha. Plastiki inabonyea au inapasuka. Zaidi ya hayo, wenzo wa upande mmoja hauinui wima; unalaza kibano, nacho kinailaza nguzo. Kijana alikuwa na bahati kwamba mfuniko haukutoboka.

Kilichobaki mezani

Niliyafikiria mambo matatu. Kukata waya wa chanya nyuma ya kibano lilikuwa la haraka, na betri ingetoka na kibano chake kichwani. Lakini waya ule ulikuwa mfupi tayari, na kwa shaba iliyoliwa kiasi kile ningelazimika kukata sana hadi kufikia nyuzi safi. Kukata kibano chenyewe kwa msumeno wa chuma, upande ulio mkabala na mwanya, lilikuwa la busara zaidi: pete ikikatwa mahali pawili haina tena nguvu ya kubana. Ni njia ninayoiheshimu, kwa sharti kwamba nguzo ya hasi imefunikwa kwa mpira usioteleza ili msumeno usiunganishe nguzo mbili, na kwamba ni msumeno wa mkono. Mashine ya kukatia inatoa cheche, na juu ya betri hakuna nafasi ya cheche. Kwa nguzo iliyolegea, hata hivyo, kila mvuto wa msumeno ungeitikisa.

La tatu ni pula ndogo. Pula ya vibano vya betri ni kitu kidogo kinachoshikika kiganjani: kucha mbili zinaingia chini ya kibano kutoka pande mbili, na katikati kuna skrubu inayosukuma kichwa cha nguzo. Ukizungusha skrubu, kucha zinavuta kibano juu, skrubu inasukuma nguzo chini kwa nguvu ileile. Nguvu zote mbili zinamalizana ndani ya vitu hivyo viwili. Plastiki haiguswi, na nguzo haipindwi wala kuvutwa kutoka kwenye kitako chake. Kwa betri yenye jeraha, hakuna kifaa kingine ninachokiamini kama hicho.

Kukaa juu kwa kibano, ambako ndiko kulikoleta matatizo yote, hapa kulisaidia: kucha ziliingia chini yake bila shida. Mguu wa skrubu ilibidi uwe mwembamba kuliko tundu la pete, maana kichwa cha nguzo kilikuwa ndani. Nikaweka washa ndogo nene (kile kipete bapa) kati yake na nguzo ili skrubu isiitoboe risasi. Nikafunika hasi kwa mpira. Nikazungusha mpaka skrubu ikakaza, kisha robo mzunguko, nikangoja. Kungoja ni sehemu ya kazi. Risasi inasogea polepole, na ukiipa nusu dakika inajipanga yenyewe. Robo nyingine. Ya tatu, kukasikika mlio mkavu kama kijiti kuvunjika. Kwa milimita mbili za kwanza nilitumia robo nne. Iliyobaki kibano nilikiinua kwa vidole.

Ndani ya pete kulikuwa na mduara mmoja unaong'aa, mwembamba kama uzi mnene, pale ukingo wa chini wa kibano ulipokuwa umeshika. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa nyeusi. Umeme wote wa stata ulikuwa ukipita kwenye uzi huo, na hata huo ulikuwa umeanza kufunikwa na nyeupe. Volti tatu zilikuwa zikipotea hapo. Na gari likiwa linatembea, kiungo kama hicho kikiachia ghafla, alteneta (inayozalisha umeme injini ikizunguka) inabaki bila betri ya kuupokea umeme wake na volti zinapanda kwa kishindo. Vifaa vya elektroniki havivumilii jambo hilo. Mwalimu alikuwa ameepuka hasara kubwa kuliko betri.

Nguzo

Nikaisafisha nguzo, nikakausha, nikamwaga matone machache ya bikaboneti kuizunguka kitako chake. Povu. Nikafuta, nikakausha kabisa, nikamwaga tena. Povu tena, kwenye nusu ya duara inayotazama mbele ya gari. Asidi ilikuwa inapanda kutoka ndani.

Nilitaka kujua kama ni mimi niliyeivunja. Chini ya pale kibano kilipokuwa, kwenye mfuniko, kulikuwa na mfereji mdogo ulioliwa rangi, umejaa nyeupe ya zamani iliyogandamana na vumbi jeusi, unaotoka kwenye nusu duara ileile. Mfereji huo haukutengenezwa na saa mbili za siku moja. Nyundo ya aliyefunga ilikuwa imeshavunja mshikamano. Asidi ikapanda, ikaila shaba, ikazaa kile kichuguu. Koleo langu lilikamilisha kilichoanzishwa. Nafuu yangu ni ndogo: ningeanza kwa kutazama urefu wa kibano, nisingelizungusha.

Nikamweleza Mwalimu yote, na nikamwambia asiruhusu mtu yeyote ajaribu kuwasha gari kwa betri ile wala kuichaji. Akanyamaza kidogo, akasema, “Kwa hiyo betri haikuwa imekufa.” Haikuwa. Ila sasa ilibidi iende, kwa sababu nyingine kabisa na ile iliyomfanya anipigie simu. Tukaitoa, tukaiweka wima kwenye beseni la plastiki nje, mbali na moto, mpaka ipelekwe kwa wanaopokea betri chakavu.

Kibano cha zamani hakikurudi. Nyaya tatu na kipande cha fyuzi vilikuwa vimefungwa kwa skrubu, kwa hiyo vilihamia kwenye kibano kipya cha nguzo nene bila kukatwa chochote, baada ya kijana kuzikwangua ncha za shaba mpaka zikawa nyekundu safi. Angeweza Mwalimu kurudi kwenye betri ya nguzo nyembamba, kama gari lilivyozaliwa, lakini hasi ilikuwa imeshabadilishwa. Tukaona bora pande zote mbili ziwe nene.

Betri mpya kijana aliifunga mwenyewe kesho yake, mimi nikiwa kwenye simu. Nilimwambia apanue taya kwanza, ashushe kibano kwa kidole mpaka kitako, ahakikishe anakiona kichwa cha nguzo, ndipo akaze kiasi kwamba kisizunguke kwa mkono, kisha hasi, kisha apake grisi kwa juu. Akapima nguzo kwa kibano stata ikizunguka: volti 0.04. Gari likawaka kwa mzunguko wa kwanza.

Saa moja baadaye akapiga tena. Alikuwa amelizima gari, akatoa hasi, akalegeza nati ya chanya na kuifungua mwanya kwa bisibisi, kwa sababu alitaka kuona tu.

“Kaka, kimetoka kwa vidole viwili.”